Zuleka na Kamera Isiyowaka

Kwa miaka kumi na mmoja Zuleka Abubakar alipiga picha mjini Embu kwa kamera iliyoenea kwenye mfuko wa buibui. Aliwapiga picha watoto wa madrasa siku ya Idi, mabwana shamba waliotaka picha za kitambulisho, na hasa shughuli za wanawake, ambako mpiga picha mwanamume hakaribishwi. Alinyoosha mikono yote miwili, akatazama kioo cha nyuma, akabonyeza. Kamera iliwaka, mteja akashusha pumzi, kazi ikaisha.

Agosti mwaka huu alinunua SLR ya dijitali, kamera kubwa ya lenzi ya kuzungusha, kutoka kwa Munyi, mpiga picha wa mtaa wa Dallas hapo Embu aliyehamia video. Hakwenda nayo nyumbani moja kwa moja. Aliipitisha kwanza kwenye bucha ya kaka yake, Idris.

"Hii ni kamera ama ni kichwa cha mbuzi?" Idris aliuliza, akiipima kwa mkono uliozoea kupima nyama. "Kilo moja kasoro."

"Simama hapo penye mwangaza, kaka."

Alinyoosha mikono kama kawaida. Kioo cha nyuma kilikuwa cheusi tititi.

"Umeuziwa jiwe," Idris alisema, akaweka kisu chini ili acheke vizuri.

Ndipo Zuleka akakumbuka alivyofunzwa na Munyi: kioo ni cha kutazama picha zilizokwisha kupigwa; kupiga ni jicho kwenye tundu, bonyeza nusu, ngoja lenzi ishike sura, kisha malizia. Akaisogeza usoni. Uso wa Idris ulimjia karibu, kila unywele wa ndevu mahali pake, na mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia nyuma yakayeyuka yakawa wekundu mtupu. Alipiga arobaini kabla wateja hawajaanza kulalamika.

Jumamosi iliyofuata alikuwa Ishiara, nyumbani kwa Mwalimu Gachoki, ambaye mama yake, Wamuyu, alikuwa ametimiza miaka themanini. Mwalimu alimpokea kwa sharti.

"Zikitoka vizuri, harusi ya binti yangu Desemba ni yako, kanisani hadi kwa karamu. Zikitoka kama za kitambulisho, kuna kijana wa Runyenjes ashanipigia simu."

Zuleka hakuwa amewahi kupewa harusi nzima. Alijibu kwamba ameelewa.

Jua la Ishiara lilikuwa kali, hivyo akamketisha bibi barazani, kando ya magunia ya ndengu. Munyi alikuwa amemwonya kwamba kivuli kizuri hakihitaji taa, na taa ya kamera huupiga uso ukawa bapa kama sahani. Akaiacha imefungwa. Wamuyu aliweka mikono magotini, akafumba midomo, akakaza macho. Zuleka akapiga ishirini. Zote zilikuwa sura ya mtu aliyeitwa kwa chifu.

"Mwanangu, utawasha lini?" bibi akauliza. "Mgongo unaniuma."

"Nishapiga, cucu," Zuleka alijibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Nyingi."

"Umepiga na nini? Haijawaka."

Wajukuu walimuunga mkono. Picha isiyowaka haijapigwa. Hilo kila mtu pale alilijua. Mwalimu Gachoki akakunja uso.

"Ama betri imeisha?"

Kidole cha Zuleka kilikuwa tayari kwenye kitufe cha taa. Angewasha, wote wangeridhika, na angerudi Embu na picha za uso wa jiwe. Kisha likamjia: mradi taa haijawaka, bibi huyu hana habari kama anapigwa picha.

"Basi pumzika, cucu. Nitawasha mwishoni. Hebu niambie, huyu mwalimu alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Huyu?" Midomo ya Wamuyu ilifunguka. "Huyu alipoteza mbuzi watatu akisoma kitabu. Akaja kuniambia ati wamehamia Meru."

"Mama, wachana na hiyo," Mwalimu alisema.

"Nikamuuliza, walipanda gari gani?"

Bibi akajipiga goti, akacheka kwa meno matatu yaliyosalia, kichwa nyuma. Zuleka alibonyeza nusu, akangoja, akamalizia. Akarudia. Kisha, kama alivyoahidi, akafungua taa, nayo ikawaka.

"Sasa hiyo ndiyo picha," bibi alisema, akainuka.

Mwalimu alipewa kamera atazame. Aliipita ile ya taa, akafika kwenye kicheko, akakomea hapo. Akampelekea mama yake, aliyekisogeza kioo karibu na macho.

"Hii ilipigwa saa ngapi?"

"Ulipokuwa unanisema."

"Nikifa, hii ndiyo mtaweka kwa gazeti," Wamuyu aliamua. "Ile ingine mpelekee serikali."

Mwalimu alirudisha kamera kwa mikono miwili. "Desemba kumi na nne. Saa moja asubuhi uwe hapa."

"Nitakuwa hapa," Zuleka alisema. Jicho lilikuwa tayari kwenye tundu, akimfuata bibi aliyekuwa anaelekea jikoni na wajukuu nyuma yake, mmoja akiigiza mbuzi anayesimamisha gari.