Fulana ya bendi imejaribiwa leo

Marafiki, leo mteja amenikomesha mbele ya watu!

Nilikuwa kwa meza yetu uwanjani hapa Machakos, nauza fulana na kofia za bendi ya kanisa letu ndio tununue ngoma mpya.

Mama mmoja kutoka Masii akajaribu fulana juu ya rinda lake.

"Imekukaa vizuri, mwaitu, mama yangu," nikamwambia.

"Nikisimama, ndiyo. Lakini mimi nitaivaa nikifuata bendi."

Hapo hapo akaanza kupiga gwaride akirusha mikono.

Kwapa la fulana likapasuka.

Laini nzima ya wateja ikacheka. Mimi nanyamaza kweli? Mnanijua.

"Mama, umetumia nguvu. Hii si nguo ya kulimia!"

"Aiya! Basi piga gwaride na hiyo fulana umevaa tuone."

Nikatoka nyuma ya meza, kifua mbele, kama naongoza bendi nzima. Nikarusha mikono.

Krrraa! Makwapa yote mawili.

Mama akaiacha fulana mezani, akanunua kofia. Wote kwa laini wakataka kofia. Zimeisha!

Fulana bado ziko. Nani anataka? Ni safi kabisa kwa wale husimama tu wakitazama.