Kati ya Nyakato na Magu

Mume wangu ni mtu wa ishara. Tangu nimjue, hakati shauri lolote kubwa mpaka amwombe Mungu amwonyeshe kitu. Siku aliyopanga kuja kwetu kunichumbia aliomba inyeshe mvua. Ikanyesha, akafika amelowa chapachapa, mama akampa kanga ajifunge wakati shati lake linakauka jikoni. Mpaka leo anasema Mungu alimjibu. Mimi nasema ulikuwa mwezi wa nne.

Alipomaliza chuo cha Biblia tulikuwa tumepanga vyumba viwili Buswelu. Ofisi ya kanisa ikamwita, ikamwambia kuna nafasi mbili. Moja ilikuwa Nyakato, kuwa msaidizi wa mchungaji katika kanisa kubwa lenye wafanyakazi wengi wa viwandani. Nyingine ilikuwa kijijini, wilaya ya Magu, kwa wakulima wa mpunga waliokaa muda mrefu bila mchungaji.

"Kaombeni wewe na mama, kisha mtuambie," katibu wa kanisa alisema.

Wenzetu wengi hupangiwa tu. Sisi tuliachiwa tuchague, na kuchagua kukawa kugumu kuliko kupangiwa.

Mimi nilitaka Nyakato. Nilikuwa na cherehani na wateja wangu wa sare za shule, watoto walikuwa wameshazoea walimu wao, na dada yangu alikaa mtaa wa pili. Tena nyumba ya mchungaji kule ilikuwa na bomba ndani. Nilimwambia Mungu hayo yote waziwazi. Sikuona sababu ya kumzunguka.

Mume wangu naye akaanza ishara zake. Asubuhi moja umeme ulikatika, akaomba kwamba kama ni Nyakato, urudi kabla hajamaliza chai. Ukarudi. Nikashangilia. Hajaweka kikombe chini, ukakatika tena. Tulitazamana, tukacheka mpaka watoto wakatoka chumbani kuuliza kuna nini.

"Baba watoto," nikamwambia, "twende tukawaone hao watu wenyewe."

Kule Nyakato mume wangu alihubiri vizuri kweli. Vipaza sauti vilikuwa safi, kwaya ilikuwa na sare, na baada ya ibada tulionyeshwa nyumba chumba kwa chumba. Nilirudi nikiwa nimeshapanga moyoni cherehani ikae dirisha gani.

Jumapili iliyofuata tukaenda Magu. Kanisa lilikuwa la matofali, bila sakafu, na nje yake majaruba ya mpunga yalienda mpaka macho yakachoka. Mahubiri hayakwenda. Mume wangu akisema maneno ya dakika tano, mkalimani anayamaliza kwa Kisukuma kwa sentensi mbili, na watu wanaitikia zile mbili. Nilimwonea huruma.

Baada ya ibada wanaume walikaa naye kivulini, mimi nikaingia jikoni kwa akina mama. Nikawasalimia, "Mwangaluka," kwa lafudhi yangu ya Kijita, wakacheka, wakanifundisha upya, wakacheka tena. Mmoja wao alikuwa amefunga mguu kwa kipande cha kanga. Uliungua kwa maji ya moto. Alisema ataenda zahanati kesho.

"Tangu Jumatano anasema kesho," mwenzake akanong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Nilichukua maji yaliyochemshwa na kupoa, nikamsafisha kidonda taratibu huku wengine wakipakua wali. Alinishika bega asianguke. Hakusema asante, alisema tu, "Una mikono miepesi."

Jioni tukarudi Buswelu. Tulipofika, mume wangu akiwa bado na viatu miguuni, akasema, "Yule mzee wa kanisa aliniuliza, 'Mnarudi lini?' Hakuuliza kama tutarudi. Nikamjibu tunarudi karibuni. Jibu lilinitoka kabla sijaomba chochote. Sasa sijui nimemdanganya au nimejibu."

"Umejibu wewe," nikasema. "Mimi sijajibu."

Nilitegemea anibishie. Ni mume, ni mchungaji, na maandiko anayajua kuliko mimi. Lakini alivua viatu, akasema, "Basi tutangoja mpaka nawe ujibu." Na kweli alingoja. Alikwenda ofisini akawaambia mke wake bado anaomba. Katibu akamcheka, akamuuliza ni nani aliyesomea uchungaji. Alinisimulia hayo akicheka yeye pia, bila kunisukuma hata kidogo. Sidhani kama nilimpenda zaidi siku nyingine yoyote.

Nikaenda kwa mama yangu, kwetu Mara, kandokando ya ziwa. Nilimkuta anaanika dagaa, nikamwamkia, nikachuchumaa kumsaidia. Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa anafukuza kuku. Nilipomaliza hakuuliza habari za bomba wala za cherehani.

"Yule mama wa mguu alikwenda zahanati?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Hukuuliza?"

Sikuwa nimeuliza, lakini nilikuwa nikimwaza kila siku tangu nitoke kule. Nilikuwa nawaza na wale waliokuwa wakipakua wali, na vicheko vyao. Kwa watu wa Nyakato sikuwa na neno baya hata moja, ila sikuweza kumkumbuka mtu yeyote kwa uso. Nilikumbuka madirisha. Nikaendelea kutandaza dagaa, machozi yakanitoka, mama akajifanya haoni. Nikampigia mume wangu nikamwambia, "Nimejibu."

Tulipohamia Magu, yule mama hakuwepo. Mguu ulipona, akaenda kukaa na binti yake Geita. Nilikasirika kwa muda, nikamuuliza Mungu amenileta kwa nani basi. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu: sare nilizoshona zilikuwa chache, maji tulichota kisimani, na mtoto wetu mkubwa aliwalilia rafiki zake. Huko Nyakato alipelekwa ndugu mwingine, na anafanya kazi njema sana. Nafikiri hata sisi tungekwenda kule Mungu asingetukimbia. Lakini hapa ndipo tunapopendwa, na watu wa hapa tumewapenda.

Vijana wa chuo hutujia siku hizi kuuliza tulijuaje. Mume wangu huanza na habari za umeme, nami huwaacha nikaenda kuandaa chakula.

Jumatano huwa ni ibada ya akina mama, na sasa naiongoza kwa Kisukuma. Nikikosea neno katikati ya maombi, kuna bibi mmoja wa mstari wa mbele hunisahihisha hapohapo, macho yakiwa yamefumbwa. Nami hulirudia neno lake kama alivyolisema, ndipo tunaendelea kuomba.