Mama Laini na sekunde arobaini za dada yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya ndoo imeshafika mlangoni mwa mashine ya kusaga. Mama Laini anawasha mota, kisha badala ya kutega sikio anaweka kiganja cha kushoto kwenye ubavu wa mashine. Anasubiri. Anatikisa kichwa, anazima, anakaza mkanda, anawasha na kuweka kiganja tena. Sasa ameridhika. Anamimina mahindi ya kwanza.

"Mashine yangu naisikiliza kwa mkono," anasema. "Masikio yameshastaafu, yameniacha mimi kazini."

Anasema kwa sauti kubwa mno. Mwandishi anaandika maswali kwenye daftari. Majibu yanafika hadi ng'ambo ya barabara, na foleni nzima inacheka pamoja naye.

Ana miaka hamsini na mitatu. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba hiki ambacho hata utando wa buibui umejaa unga. Jina la Mama Laini alipewa na wateja, kwa sababu unga wake hauna mchezo. Kinga ya masikio hakuwahi kupewa. Alikuwa anaziba kwa pamba, na pamba ikidondoka hakuwa na muda wa kuitafuta.

Usikivu haukuondoka kwa siku moja. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi, halafu sauti za watoto, halafu maneno ya watu yakaanza kumfikia nusunusu. Kilichobaki ni mluzi mwembamba unaoendelea hata mashine ikizimwa.

Mwaka juzi boliti iliingia pamoja na mahindi. Watu walipiga kelele, wengine wakakimbilia nje. Yeye aliendelea kumimina huku akitabasamu, mpaka chekeche la mashine likapasuka.

"Nilidhani wananishangilia!" anasema, na anacheka hadi anajishika mbavu.

Nyumbani hakukuwa na cha kuchekesha. Binti yake, mshonaji anayeishi naye, anasema mama aliyemjua alikuwa haishiwi maneno. Mama huyo akaanza kukwepa sherehe, akaacha kikundi cha akina mama alichokianzisha mwenyewe. Jioni alirudi kichwa kinamgonga, akala matonge mawili, akaenda kulala bila kupata usingizi. Mara mbili aliyumba akaanguka kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe. Alipoonekana hakumbuki mambo, ndugu wakaanza kunong'ona kwamba akili inamwacha.

"Tena tulikuwa tunamsema yupo palepale," binti anakiri. "Mama anatuangalia tu, anatabasamu. Nikikumbuka naona aibu."

Mtaalamu wa masikio aliyempima alimaliza minong'ono hiyo. "Hakuwa anasahau. Huwezi kusahau jambo ambalo halikukufikia," anasema. Kwa maelezo yake, mtu anayesikia kwa shida hutumia nguvu nyingi kukisia maneno, ndiyo maana jioni anakuwa hoi. Uchovu huo humfanya awakimbie watu, na upweke ukishaingia humla taratibu. Hata mwili kusimama imara, anasema, sikio lina mkono wake.

Mama Laini mwenyewe ana maelezo mafupi zaidi. "Kosa langu ni kuitikia," anasema. Kila alichoambiwa alijibu ndiyo, sawa, nimesikia. Aliwahi kuitikia mwaliko wa harusi ambayo mpaka leo hajui ilikuwa ya nani.

Jibu moja ndilo linalomkosesha raha.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa akiishi mbali. Macho yake yalikuwa yamefifia, hakuweza kuandika kwenye simu, kwa hiyo alikuwa akituma ujumbe wa sauti. Mama Laini hakuthubutu kumwambia kwamba masikio yameharibika. Aliogopa kumwongezea mzigo.

Ujumbe wa mwisho ulikuja siku ya Alhamisi. Sekunde arobaini. Mama Laini aliweka simu sikioni, akasikia kitu kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Wateja walikuwa wanasubiri. Akabonyeza, akajibu: "Nimesikia, dada. Usijali."

Siku kumi na moja baadaye dada akafariki.

"Amekwenda akijua nimemsikia," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake ni ya chini.

Binti amejitolea mara nyingi kuusikiliza ule ujumbe na kumwandikia. Anakataa katakata. "Dada alizungumza na mimi. Namtaka yeye mwenyewe, na kile kikohozi chake kabla hajaanza kusema. Karatasi haikohoi, mwanangu."

Akipata nafasi, ananawa unga mikononi, anaubonyeza ujumbe na kuigandamiza simu kwenye mfupa wa shavu. Anafumba macho. "Hapa anapumzika," anasema ghafla. Mwandishi anatazama kioo cha simu: sekunde ya ishirini na tatu.

Mwezi uliopita, kwa yule mtaalamu, alijaribishwa kifaa cha kusaidia kusikia. Binti alimuuliza, kwa mazoea ya kupaza sauti, kama anamsikia. "Sasa unanifokea nini?" akajibu, na wote wawili wakalia. Simu ilikuwa kwenye mkoba, lakini hakuitoa. Mbele za watu, anasema, hakuweza.

Kifaa hicho ni mshahara wake wa miezi tisa. Mwajiri wake, mwenye mashine, baada ya binti kumfuata mara tatu, amekubali kuchangia nusu. Mtaalamu amemwonya kwamba hakitamrudishia masikio ya zamani. La kulia limekwisha, la kushoto ndilo lenye uhai. Atavalishwa Jumanne ijayo. Siku hiyo ameomba ruhusa, hataki sauti ya kwanza iwe ya mashine. Atajifungia chumbani, peke yake na simu.

Na akishasikiliza?

Anasoma swali kwenye daftari, kiganja kikiwa bado ubavuni mwa mashine. Simu ya dada, anaeleza, siku hizi anaitumia shemeji yake, mume wa marehemu. Ameshamwomba: siku ukiingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Laini asiufungue, auache tu hapo.

"Nitamjibu dada," anasema. "Safari hii nitakuwa nimesikia."