Mkubwa Hajatabiri

Kwetu Kendu Bay hakuna aliyethubutu kumtaja mchezaji bora wa msimu kabla ya baba. Ungeweza kuwa umemtazama mchezaji huyo mwaka mzima, ukajua hata mkono anaopenda kudundia mpira, lakini ungenyamaza mpaka baba amalize chai yake, akohoe, aseme. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya upili na kocha wa mpira wa kikapu, na ligi ya Marekani aliifuata kama wenzake walivyofuata siasa. Kila mwaka, msimu wa huko ulipokaribia, tulikaa uani Jumapili, maana Jumamosi, siku yetu ya Sabato, mpira haukutajwa, tukatabiri nani atachukua tuzo gani: mchezaji bora, mlinzi bora, bora kati ya wanaoanzia benchi, aliyeimarika zaidi, na chipukizi bora. Hatukuweka kamari. Aliyepatia alipata tu haki ya kuwacheka wenzake mpaka msimu mwingine, na kwetu hiyo si haki ndogo.

Utaratibu wa nani aanze, baba aliutoa shambani. Kwa sisi Wajaluo, mwenye boma ndiye anayetia mbegu ardhini kwanza. Akishapanda, hupanda mwana mkubwa, kisha anayemfuata, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Mvua inaweza kunyesha, majirani wakafikia palizi, na mdogo bado ameshika jembe akimngoja mkubwa. Akimtangulia, ni kana kwamba ametangaza kuwa mkubwa hayupo tena duniani. Watu wetu hawana mzaha na jambo hilo. Mtu akianza kukonda baada ya kosa la aina hiyo, watakuambia ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haina dawa dukani.

Katika kupanda mimi sina zamu. Msichana atapanda kwa mumewe. Kwa hiyo ndugu yangu mkubwa alipomaliza kutabiri mwaka ule wa kwanza nilioruhusiwa kukaa nao, na baba akamgeukia mdogo wetu wa kiume, aliyekuwa bado anapenga kamasi kwa kiganja, niliangua kilio. Haikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Hasira nilizaliwa nayo. Baba akanitazama.

"Mpira huu hauolewi," akasema. "Wewe ni wa pili. Sema."

Nikasema. Nilikosea tuzo zote, wala sikujali. Ndiyo iliyokuwa sehemu pekee katika boma lile ambako nilihesabiwa kwa zamu niliyozaliwa.

Baba alipofariki, kufungua utabiri kukamwangukia ndugu yangu mkubwa. Hakuna aliyeuliza. Mama mpira haukumhusu, aliuita "ule mchezo wa kutupa vitu kwenye ndoo." Ndugu yangu alikuwa fundi wa injini za boti pale ufukweni mwa ziwa, mtu wa kifua kipana na kicheko kilichotangulia mwili wake mlangoni. Yeye hakukohoa kama baba. Alijisifu kwanza, kama wanaume wa kwetu wanavyojisifu kwenye sherehe kabla ya kutoa lao. "Mimi simba wa Kendu," angesema, "mimi ninayefufua injini zilizozikwa, nasema mchezaji bora mwaka huu ni fulani!" Na fulani huyo mara nyingi alikuwa mchezaji ambaye timu yake haikushinda hata mechi za kirafiki. Alichagua kwa mapenzi. Mimi nilichagua kwa ubahili: nilimtaka mchezaji anayekimbia kurudi kulinda hata akiwa amechoka. Mdogo wetu alichagua kwa kufuata kelele za mitandao. Tulikuwa tumetawanyika tayari, mimi Suna, huku Migori, nikiuza vipuri vya pikipiki, mdogo wetu akiwa karani mjini Homa Bay, kwa hiyo utabiri ulihamia kwenye kundi letu la simu. Utaratibu haukuhama. Mkubwa kwanza.

Kisha figo zake zikakataa kazi.

Sitaeleza sana ugonjwa. Kila familia huku inajua safari hizo. Alikuwa akipelekwa Homa Bay kila wiki kusafishwa damu kwa mashine, anarudi Kendu akiwa mweupe midomoni, anapata nafuu kidogo, kisha siku ya kwenda tena imefika. Kile kifua kikapungua. Watu wakaanza kunong'ona ile habari yao ya kukonda, na nilimfokea mama mmoja wa kanisani aliyethubutu kuniuliza kama kuna mwiko uliovunjwa pale nyumbani. Nilimwambia mwiko uliovunjwa ni kuingilia yasiyokuhusu. Hakunisalimia tena, na mpaka leo sijaona hasara.

Msimu wa Marekani ukakaribia. Kundi la simu likawa kimya. Nilikuwa nikifungua duka asubuhi, nikipanga minyororo na breki ukutani, huku jicho liko kwenye simu. Kila kitu cha kutabiri nilikuwa nacho kichwani. Wachezaji walikuwa wamehama timu, kulikuwa na chipukizi ambao kila mtu aliwazungumzia, na kulikuwa na ile kanuni kwamba mchezaji asiyefikisha mechi za kutosha haruhusiwi kupewa tuzo, hata angekuwa hodari vipi. Nilitamani kubishana. Lakini mkubwa hajatabiri, basi tunangoja, na nitasema ukweli wangu: niliupenda ule ungojaji. Nilijiambia kwamba mtu anayengojwa hawezi kuondoka. Ni mawazo ya kitoto, lakini niliyashika kwa mikono miwili.

Mdogo wetu ndiye aliyetangulia. Siku moja mchana, nikiwa nampimia mteja kebo ya klachi, simu ikalia, nikaona tuzo zote zimejazwa, kila moja na jina lake, na vikatuni vya moto na vikombe. Nilikaa chini juu ya katoni ya mafuta ya injini. Mteja akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia aje kesho.

Nilimpigia mdogo wangu hapo hapo.

"Umeshamzika?" nikamuuliza. "Umechimba kaburi wapi, tuje na sufuria?"

"Aki sista, pole, lakini hii ni basket tu. Season inaanza. Na yeye hata hashiki simu siku hizi."

"Kwa hivyo ukaona utangulie."

"Si lazima mtu aanze? Na baada yake ni mimi, si ndiyo? Hata kwa shamba ni mimi."

Hapo ndipo aliponichoma. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku za wiki. Kwake, mkubwa akiondoka, zamu inamrukia dada na kumfikia yeye, kama inavyoruka shambani. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Akafuta ujumbe wake, lakini mke wa mkubwa, aliyekuwa akishika simu yake, alikuwa ameshausoma, na mama alikuwa ameshaambiwa. Mama hakumgombeza mtu. Alisema tu, kwa Kijaluo, kwamba mtoto wake bado anakula.

Wiki hiyo nilifunga duka nikaenda Homa Bay. Nilimkuta ndugu yangu amemaliza mashine, amekaa kwenye benchi nje akisubiri nguvu zirudi miguuni, blanketi begani ingawa jua lilikuwa kali. Nilikaa kando yake. Tulizungumza habari za mama, za bei ya samaki, za injini moja iliyomshinda mwanafunzi wake. Nilijua ameuona ule ujumbe. Yeye alijua kwamba najua.

"Usimkaripie sana kitinda mimba," akasema mwishowe. "Ana haraka, lakini hana roho mbaya."

"Ana ujinga."

"Ndiyo, na ujinga pia anao." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Aliponyamaza akanigeukia. "Nyaminwa," akaniita, dada yetu, kwa ile sauti aliyotumia tulipokuwa wadogo akitaka nimfichie siri. "Anza wewe."

Nikajifanya sijasikia. Nikamuuliza kama anataka uji.

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema. "Anza. Mchezaji bora ni nani?"

"Sianzi. Mkubwa yupo."

"Mkubwa yupo, na mkubwa ndiye anayekuambia. Nikiondoka kabla sijalisema hili, yule ataanza yeye, na hakuna atakayemzuia. Utarudishwa nyuma. Baba alisema wewe ni wa pili. Nataka uanze mimi nikisikia."

Nilikasirika. Kila nikiogopa, mimi hukasirika. Nilimwambia asinifanye mrithi wa mtu anayepumua, kwamba madaktari hawajasema lolote, kwamba kuna watu wanaishi na mashine miaka na miaka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Wapita njia walikuwa wakitutazama, dada anayefoka na kaka aliyejifunika blanketi. Kisha akarudia lile lile, taratibu, kama anavyomfundisha mwanafunzi kuwasha injini baridi. Anza.

Nikaanza. Nilimtaja mchezaji wangu bora. Akatikisa kichwa palepale.

"Huyo? Huyo hana mbwembwe."

"Analinda."

"Analinda, analinda. Hata mlango wa choo unalinda."

Nikacheka huku machozi yakinitoka, nikaendelea. Mlinzi bora, wa benchi, aliyeimarika. Kila jina alilitafuna, akalikataa, akakubali moja kwa shingo upande. Kwa muda ule mfupi alirudi kuwa mtu ninayemjua. Nilipofika mwisho, nikamwambia, "Haya, wewe sasa. Wa pili."

Akavuta blanketi begani.

"Mimi naangalia tu. Unajua ile kanuni. Asiyefikisha mechi hapewi tuzo."

"Kanuni hiyo ni ya wachezaji. Chagua mmoja. Mmoja tu, ama sitoki hapa."

Alijifuta jasho kwa ncha ya blanketi. Kisha akasema, "Chipukizi bora," akamtaja kijana mmoja aliyeumia goti mazoezini hata kabla msimu haujaanza. Ilikuwa imeshatangazwa kwamba amepasuliwa na hatacheza mechi hata moja.

"Huyo hachezi msimu huu," nikamwambia.

"Najua. Atacheza ujao. Na kwa kuwa huu hakucheza kabisa, ujao watamhesabu bado chipukizi. Ndiye atakayechukua."

Sikujua kama ananiambia kwamba yeye pia atakuwepo msimu ujao, ama ananiachia kitu cha kungoja baada yake. Nilimtazama usoni nikitafuta jibu, na uso ulikuwa umechoka tu. Nilimsaidia kusimama, tukaenda kutafuta gari la Kendu.

Alifariki kabla msimu haujafika nusu. Nilikuwa dukani. Sina la kupamba hapo. Tulimzika pale bomani, kando ya baba, na wafanyakazi wenzake wa ufukweni walimsifu kwa majina yake yote. Kitinda mimba alilia mpaka akashikwa na wanaume. Baadaye alinijia jikoni, mbele ya wanawake wote, akasema, "Sista, next time ni wewe unaanza. Aliniambia mwenyewe." Nikamkumbatia. Hasira yote niliyokuwa nayo juu yake niliitafuta nisiione.

Tuzo zilitangazwa wakati mahindi ya huku Migori yamefika kifuani. Yule wangu asiye na mbwembwe alishinda. Hakukuwa na mtu wa kumcheka. Niliandika kwenye kundi kwamba nimepatia, mdogo wangu akatuma pongezi, na tukakomea hapo. Nilitamani mtu aniambie kwamba hata mlango wa choo unalinda.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa la mama. Ndugu yangu, siku ile aliporudi kutoka Homa Bay, alimsimulia kuhusu yule kijana wa goti. Sijui alimwambia nini hasa. Ninachojua ni kwamba baada ya matanga, mama, ambaye hajawahi kutazama mechi hata moja, alianza kunipigia simu kuuliza habari zake. Amevua plasta? Anatembea na fimbo bado? Wanampa chakula gani? Mwanzoni nilijibu ovyo, nikidhani ni uzee. Kisha nikaanza kutafuta majibu kwa bidii. Nikawa nasoma habari za goti la mtoto wa watu ng'ambo ya bahari huku wateja wakigonga kaunta kwa funguo. Mama alimwombea kila Sabato. Alimwita "wa mkubwa wako", kama mjukuu aliyeachwa.

Sasa msimu mwingine uko mlangoni. Kundi la simu liko kimya na ninajua wananingoja mimi. Nimekuwa nikichelewa, siku hadi siku, kwa visingizio vya duka. Jana video ilitoka: yule kijana amerudi uwanjani. Nilimwona akikimbia, akigeuka ghafla kwa mguu ule ule, akaruka na kuutia mpira kikapuni, akatua, akaendelea kukimbia bila hata kuutazama mguu. Niliirudia mara nyingi.

Nilimpigia mama kabla hajanipigia.

"Goti limepona, Mama," nikamwambia. "Limepona kabisa. Anaruka."

Nilisikia kuku wa kwetu na redio ya jirani.

"Ana mama?" hatimaye akauliza.

"Anaye. Alikuwepo pale, kwenye viti. Alisimama akapiga makofi."

"Heri yake," mama akasema. "Heri yake mama huyo."