Papa-Mama kwa Mkono wa Kushoto

Pigo la kwanza la ngoma nililofundishwa kwa heshima zote za elimu liliitwa papa-mama. Mkono wa kuume unapiga mara mbili, pa-pa. Wa kushoto unajibu mara mbili, ma-ma. Halafu unaongeza kasi mpaka mapigo yote yanaungana kuwa mlio mmoja, kama mvua juu ya mabati. Frère, yaani bruda aliyetufundisha, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu na kanzu iliyokuwa nyeupe siku za Jumatatu tu, alisema siri yote iko katika usawa.

"Kipofu akisikiliza," alituambia, "asijue ni papa anasema ao ni mama."

Hakuna hata mmoja wetu aliyetoka katika nyumba ambamo kipofu angeshindwa kujua hilo.

Hii ilikuwa Kisangani, katikati ya miaka ya hamsini, wakati mji wetu ulipokuwa bado unabeba, kwenye karatasi za serikali, jina la Mzungu mmoja mpita njia. Shule ya misheni ilikuwa na fanfare yake: tarumbeta zilizobondeka, ngoma kubwa moja, na kesi moja. Kesi ndivyo tulivyoiita caisse claire, ile ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini ya ngozi, zinazoifanya ilie kwa ukali kama mafuta ya mawese ya moto yaliyorushiwa maji. Niliitaka kesi ile kuliko nilivyotaka kupata cheti. Sasa nina vyeti kadhaa, vimekunjwa ndani ya sanduku pamoja na mende, na naweza kusema kwamba sikukosea katika kuchagua.

Sababu yangu ilikuwa hii. Siku ya maandamano, wapiga tarumbeta hupumzika kati ya wimbo na wimbo, kwa kuwa midomo imewavimba. Wakati huo kesi inabaki peke yake, na watu wote, mapadri, masista, maafisa na wake zao wenye kofia, wanatembea kwa mikono ya mtu mmoja. Akiongeza kasi, wanaongeza. Akipunguza, askofu mwenyewe anapunguza. Nilitaka mtu huyo awe mimi. Wasichana wa shule ya masista nao wangekuwa kando ya barabara, jambo ninalolitaja kwa ajili ya ukamilifu wa historia tu.

Nafasi ilikuwa wazi. Mpiga kesi wa zamani alikuwa amemaliza shule akapata kazi ya duka huko Bengamisa, ambako kuku tu ndio wangemsikiliza. Frère alitangaza kwamba atatujaribu siku ya Alhamisi, kabla ya maandamano ya Sakramenti, na atakayeshinda atavaa soksi ndefu nyeupe na kutembea mbele, nyuma ya bendera.

Tulikuwa wengi tulioanza, lakini baada ya majuma machache tukabaki wawili. Wengine waliuawa na moulin, lile pigo linalochanganya mikono, kuume, kushoto, kuume, kuume, kisha kinyume chake, ambalo Frère aliliandika ubaoni kwa herufi za Kifaransa, D ya kuume na G ya kushoto, mpaka ubao ukafanana na mtu mwenye kigugumizi. Mwenzangu aliyebaki alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Huyu alizaliwa anatumia mkono wa kushoto. Mama yake alimpaka pilipili kwenye vidole vya mkono huo tangu akinyonya, akamchapa kila alipoushika mwiko nao, na matokeo yake ni kwamba mkono wake wa kushoto ulijua kila kitu kwa asili, na wa kuume ulijua kila kitu kwa woga. Mapigo yaliyonitoa jasho, fla yenye pigo dogo linalotangulia kubwa, ra ya mapigo matano, yeye aliyapiga kama mtu anayemenya karanga huku akifikiria mambo mengine.

Mimi nilikuwa na mkono mmoja na mgeni. Mgeni ndiye wa kushoto. Kwa Kilingala cha mtaani mkono wa kuume ni mkono wa mwanaume, na wa kushoto ni wa mwanamke, na nyumbani kwetu wa kushoto haukuwa hata na heshima ya mwanamke. Familia ya papa, baba yangu, ni ya Waungwana, Waislamu wa zamani wa mji huu. Mama wa papa, yaani koko wetu, ndiye aliyetawala ua wetu. Alikubali niende shule ya mapadri kwa sharti moja: "Soma vitabu yabo yote. Lakini usilete mambo yabo kwa sahani yangu." Kwenye sahani ya koko mkono wa kushoto haukuwa na ruhusa hata ya kuangalia.

Basi papa-mama yangu ilikuwa hivi: PA-PA, mama, PA-PA, mama. Frère alifunga macho, akajifanya kipofu, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama anasema kutoka jikoni," alisema. "Alors, ule mkono uko mvivu. Upe kazi! Piga mswaki nao, fungua mlango nao, kula nao. Mimi kila siku nakula kwa kushoto."

Alisema kweli. Wabelgiji hushika kisu kwa kuume na uma kwa kushoto, na kila kinachoingia kinywani mwao kinapitia upande ambao sisi tuliutumia kwa shughuli za nyuma ya nyumba. Sikumweleza. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri ni mtu anayetii shauri bila kuuliza limekatwa kwa kipimo cha nani.

Nikaanza. Nilifagia ua kwa mkono wa kushoto, nikachota maji kwa mkono wa kushoto, nikachana nywele mpaka nikafanana na mtu aliyegombana. Nilichonga vijiti viwili vya mpera, nikawamba kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli juu ya kiti kisicho na mgongo, nikapiga kila alasiri.

"Unaita nani?" koko aliuliza kutoka barazani.

"Siiti mutu, koko. Ni mazoezi."

"Kama hauiti mutu, nyamaza. Batu batakuja bure."

Sehemu iliyobaki ilikuwa kula. Siku koko alipokwenda kumwona jirani, nilikaa peke yangu na lituma, zile ndizi zilizopondwa na kufinyangwa, na kipande cha samaki, nikaupa mkono wangu wa kushoto kazi yake ya kwanza ya kiungwana. Ulikosa kinywa. Ulimpeleka samaki puani. Lakini kila koko alipotoka niliurudisha darasani, na hatimaye ukajua njia, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu mkono uliojifunza kitu hausubiri kuitwa.

Jumapili moja, kabla ya Alhamisi ya Frère, alikuja kaka yake koko, mzee wa ng'ambo ya mto, mtu wa swala tano na maneno machache. Alikuwa anakuja mara chache, na akija tulikula naye sote, papa, koko na mimi, kwenye sahani moja kubwa. Nilimwagia mzee maji ya kunawa, vizuri kabisa. Tulikaa mkekani. Mzee akasema bismillahi. Mimi nilikuwa nafikiria moulin, kuume, kushoto, kuume, kuume, na nilipoangalia chini niliona mkono ndani ya sahani, umeshachota lituma, umeshaichovya kwenye mchuzi. Ulikuwa wangu, na haukuwa wa kuume.

Mzee aliinua mkono wake polepole, kama aliyeona nyoka kwenye wali, akauacha hewani.

"Dada," akamwambia koko, "huyu mutoto yenu iko mugonjwa?"

"Hapana. Iko kwa mapadri."

"Ah. Bon," akasema mzee. "Ni kitu moja."

Akaomba maji ya kunawa tena. Sahani nzima ikaondolewa, ikapewa bata wa jirani, ambao hawakuwa na dini yoyote iliyojulikana.

Mzee alipoondoka koko aliniita.

"Koko, ni juu ya ngoma," nilisema. "Frère njo aliniambia nikule nayo."

"Ye anakulaka na nini?"

"Na uma. Kwa kushoto."

"Basi akule na uma yake! Weye iko na uma?"

"Hapana, koko."

"Weye iko na mukono. Leta."

Alichana utepe kutoka liputa yake kuukuu, kitenge cha kujifunga, akaufunga mkono wangu wa kushoto kwenye kiuno changu, kama mzigo kwenye baiskeli.

"Utabaki hapo mpaka Ijumaa," alisema. "Ukumbuke kazi yake."

"Koko! Frère atatujaribu Alhamisi!"

"Vizuri. Utakuwa umebakiza siku moja tu."

Nilimkimbilia papa. Papa alikuwa msimamizi bandarini. Wapagazi walisikia sauti yake kutoka upande wa pili wa meli.

"Papa, sema naye."

"Nani? Mimi?" Papa aliangalia mlangoni kwanza. "Ile mwanamuke alinizaa." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na weye, sahani yote ile, haukuona pa kuficha mukono?"

Kwa hiyo nilikwenda shule nimefungwa. Mtoto wa fundi cherehani aliniona kutoka mbali.

"Eh, kilema! Bamekukamata unaiba mayai?"

Nilimweleza. Nilitegemea atacheka, na akacheka kweli, mpaka akakaa chini. Halafu akauangalia utepe kwa macho ya mtu wa kazi, akaupapasa.

"Kwetu ilikuwa pilipili," alisema. "Kitambaa ni ya batu ya heshima."

Siku zile mkono wa kuume ulifanya yote. Uliandika, ulichota maji, ulioga mwili mzima kadiri ulivyoweza kufika, na alasiri ulipiga peke yake juu ya mpira: pa-pa, kimya, pa-pa, kimya, kama nyumba ya mgane. Nilifikiri kwa kufanya hivyo nilikuwa naokoa kitu. Ndiyo maana nasema elimu haikunipata kwa bahati tu. Nilikuwa tayari na kipaji cha kufikiri vibaya kwa bidii.

Alhamisi Frère alituita darasani baada ya masomo. Kesi ilikuwa juu ya kisimamio, inang'aa.

"C'est quoi, ça?" aliuliza, akionyesha kiuno changu.

"Ni koko, Frère."

Alifikiri kidogo, akaamua kutouliza. "Fungua."

Fundo lilikuwa jepesi. Ningeweza kulifungua kwa meno tangu Jumapili, na koko alijua hivyo. Hakuwa amefunga mkono, alikuwa amefunga neno lake. Nilisimama pale nikiangalia kesi. Kisha nikafungua. Nilijiambia kwamba koko hakutaja ngoma, alitaja sahani, na kesi si sahani. Mawakili wengi wameanza na hoja mbovu kuliko hiyo.

Nilipiga fla. Safi. Nilipiga ra ya mapigo matano, nikaona nyusi za Frère zinapanda. Moulin ilipita, ikiyumba kidogo kama mlevi anayejua njia ya nyumbani. Halafu Frère akafumba macho kwa ajili ya papa-mama, nami nikaanza polepole, nikaongeza kasi, na nikasikia jambo ambalo sikuwa nimewahi kusikia: pa-pa, MA-MA, pa-pa, MA-MA. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala siku zote zile kama afisa aliye likizoni. Wa kuume ulikuwa umebeba nyumba nzima.

Frère alifumbua jicho moja.

"Namsikia mama tu. Papa yuko wapi?"

"Amechoka, Frère."

Mtoto wa fundi cherehani alicheka hadi makamasi yakamtoka. Kisha akachukua vijiti, akapiga papa-mama, na Frère akafumba macho na hakuyafumbua mpaka ngoma iliponyamaza, na hata baada ya hapo. Mimi mwenyewe nilijaribu kubahatisha mkono upi ulikuwa unasema, nikashindwa, na nilikuwa naiangalia mikono yenyewe.

"Ni huyu," alisema Frère. Kisha akanigeukia, na sidhani alikusudia ukatili. "Weye, una mkono mmoja mzuri kila juma. Bon. Tunayo ngoma ya mkono mmoja."

Alinipa ngoma kubwa.

Njiani nilijifunga tena utepe, kwa meno na mkono wa kuume. Koko alikuwa barazani anachambua mchele. Aliniita, akaangalia kiuno changu.

"Hiyo fundo si yangu."

Niliinama kuangalia mchele wake.

"Yangu ni muzuri zaidi." Alilifungua, akalifunga upya, polepole. "Bamekupa ile ngoma?"

"Hapana, koko."

Aliendelea na mchele wake. Lakini jioni ile, kwenye sahani yangu, kulikuwa na kichwa cha samaki, ambacho kwa desturi kilikuwa cha papa. Papa alikitazama, akamtazama mama yake, akala mkia.

Siku ya maandamano nilitembea nyuma ya kila mtu, ngoma kubwa imening'inia kifuani, naona njia kwa shida. Mkono wa kuume unapiga kwa rungu lenye kichwa cha kitambaa: bum. Kushoto unakaa kwenye ngozi ya upande wa pili, kuizuia isiendelee kulia. Hiyo ndiyo kazi yote ya mkono wa kushoto kwenye ngoma kubwa, kunyamazisha. Mbele, mbali sana, kulikuwa na soksi nyeupe.

Koko alikuwa kando ya barabara, karibu na maduka ya Wagiriki. Alisema baadaye kwamba alikuwa anapita tu, ingawa alikuwa amevaa liputa ya sikukuu na amemleta papa.

"Mukono moja, na ya kuume," nilimsikia akimwambia papa nilipofika mbele yao. "Ona! Hiyo sasa ni ngoma. Na ule mutoto wa mbele, kwao hakuna mutu wa kumufunga kitambaa?"

Ndipo tarumbeta zikanyamaza, na kesi ikabaki peke yake. Maafisa, masista, askofu chini ya mwavuli wake, wote walitembea kwa mikono ya mtoto wa fundi cherehani, na kwa wakati ule sikuweza kumchukia, kesi ilikuwa inapigwa vizuri mno. Ngoma kubwa haikuwa na kazi hapo. Rungu langu lilining'inia. Lakini vidole vya mkono wa kushoto, vilivyokuwa nyuma ya ngozi ya pili, vilianza vyenyewe, kidogo kidogo, ma-ma, ma-ma, pamoja na kesi, chini kabisa ya sauti yake, wala havikukosa hata pigo moja mpaka bandarini.

Koko hakuona kitu. Ngoma ilikuwa kubwa, naye alisimama upande wa kuume.