Spika Alivyotangaza Furaha

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, aliitwa Spika, na jina hilo hakulipata bure. Sauti yake ilikuwa nzito, ya taratibu, ikitoka chini kabisa kana kwamba tumboni alikuwa na mtu wa pili anayemsaidia kusema. Akikusalimia karibu na ndoo ya maziwa, maziwa yanaganda. Nimeyaona kwa macho yangu, na mtindi wenyewe niliunywa.

Kazi yake ilikuwa kuendesha pikapu ya halmashauri, yenye vipaza sauti viwili vya bati juu ya paa, na kuutangazia mji. Mji wetu uko mlimani, nyumba zimepandana kama watu wanaogombea kuchungulia dirisha moja, kwa hiyo tangazo la barabara ya chini linafika mpaka kwa wale wanaoishi juu na ukungu. Na alitangaza nini? Misiba. Maji kukatika. Barabara kuporomoka. Halafu misiba tena. Furaha watu walipashana wenyewe kwa midomo, haikuhitaji petroli.

Basi mji ukazoea. Pikapu ikikohoa tu pale kona ya soko, wanawake wanatua ndoo, wanaume wanavua kofia, muuza nyanya anafunika meza yake. Maneno hakuna aliyeyasikiliza. Walisikia sauti, ikawatosha, wakaanza kuulizana ni nani. Mbuzi waliacha kutafuna. Jogoo wa jirani yangu alihama mji kwa miguu yake mwenyewe na hakuaga.

Mke wa Spika alikuwa ameshafariki siku nyingi, watoto wameoa na kuolewa mbali. Akampenda fundi cherehani wa karibu na stendi, mjane mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake. Alimpelekea suruali zifupishwe, akazirudisha zifupishwe tena, mpaka zote zikawa kaptula na magoti yake yakapigwa na baridi. Ndipo akajikaza, akamwambia anataka kumuoa. Fundi akaweka mkasi chini.

"Wewe ni mtu mzuri," akamwambia. "Hulewi, husengenyi, kucha zako safi. Lakini ukifungua mdomo tu, mimi naanza kuhesabu ndugu zangu. Hapo uliposema unanipenda, nimemuwaza shangazi yangu wa ng'ambo ya mto. Sasa nitaishije na mtu anayeniambia chai iko tayari, nami natafuta kitambaa cha kufutia machozi?"

"Nikibadilika je?"

"Sauti inabadilika? Haya, jaribu. Siku utakayotangaza kitu nikacheka, njoo tuongee. Kwa leo chukua kaptula yako."

Spika akaja kwangu, akanisimulia yote, akakaa jikoni mpaka chai ikapoa mbele yake.

Haukupita muda, halmashauri ikaleta afisa utalii, binti mwenye viatu vya kupandia milima na haraka ya mtu aliyeacha maziwa jikoni. Akasema mji huu lazima upate wageni. Posta ya zamani akaifanya makumbusho: akaweka humo mizani ya shaba, taa za mafuta, redio kubwa kama kabati, kitanda cha kamba, na picha za watu waliojenga nyumba za kwanza hapa. Ufunguzi Jumamosi, na ngoma, na mbio za kupanda mlima, na basi la watalii lingepita. Akamwita Spika.

"Mzee, nataka watu wajae. Utangaze kwa furaha, sawa?"

Spika alisahau hata kununa kwa kuitwa mzee. Akaja kwangu mbio.

"Shemeji, nimepewa tangazo la furaha! Mji mzima utasikia. Na yeye atasikia."

"Haya, nitangazie."

Akasimama katikati ya jikoni, akavuta pumzi. "Wananchi wote mnakaribishwa..."

Nikajikuta nimeshika kichwa kwa mikono miwili.

"Umeona?" akasema.

"Endelea tu, shemeji. Ni moshi."

Nikamwambia atabasamu, sauti itapanda. Akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Nikamwambia arukeruke. Masufuria yakaanguka, sauti ikabaki palepale. Mwishowe akaipata nyingine, nyembamba, ya puani, iliyokuwa ikimkatika kila baada ya neno. Tukakubaliana kwamba hiyo ndiyo furaha.

Ijumaa akatoka na pikapu. Nilikuwa mlangoni namenya viazi. "Wananchi... wote... posta ya zamani... kesho... asubuhi..." Mji ukasimama. Mtu aliyetutangazia vifo vya mji mzima bila kutetereka, leo sauti inamkatika!

"Nani tena?" muuza nyanya akamuuliza kinyozi.

"Sijajua, lakini ni mtu mkubwa. Spika mwenyewe analia."

"Yuko wapi?"

"Nasikia wamemlaza posta ya zamani."

"Posta? Kwa nini posta?"

"Labda kwake hapatoshi."

Sikuwasahihisha. Viazi vilikuwa vingi.

Jumamosi mji ulimiminika. Walikuja na nguo nyeusi, kuni vichwani, masufuria ya maharage, vijana wamebeba viti. Mstari ulitoka mlango wa makumbusho ukazunguka mlima, ukakaribia kukutana na mkia wake. Wakavua viatu, wakaingia kimya. Mbele ya mizani wakainamisha vichwa. Mbele ya kitanda cha kamba kinyozi alisimama kitambo, akakitazama kilivyo kitupu, akanong'ona, "Tumechelewa. Wameshamtoa." Kufika kwenye redio, bibi mmoja akaangua kilio, na chumba kizima kikamfuata. Mimi nilijua hakuna aliyekufa, lakini nililia vilevile, kwa sababu kilikuwa kilio kizuri.

Watalii waliposhuka kwenye basi lao, wakakuta mji mzima unalilia redio. Wakavua kofia. Mmoja akamwambia afisa kwamba ametembea dunia nzima, hajaona watu wanaoyaheshimu ya kale yao namna hii. Afisa akasema ahsante, akatazama pembeni.

Fundi hakupanga mstari. Alizunguka nyuma ya jengo, nami nilikuwa huko napanga kuni. Pikapu ilikuwa imeegeshwa pale, na Spika amejifungia ndani, vioo juu. Fundi akagonga.

"Fungua. Pole sana. Ni nani wako?"

"Hakuna."

"Usinifiche bwana. Jana nimekusikia ukilia, nikafunga kibanda. Mwanaume halii hivyo ila kwa ndugu wa damu."

"Sikulia," Spika akasema. "Nilikuwa nafurahi."

"Nini?"

"Ile ndiyo sauti yangu ya furaha. Nimeifanyia mazoezi jikoni kwa shemeji. Nilikuwa nakutangazia wewe."

Fundi akamtazama. Akautazama mstari wa watu na kuni zao. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashikilia kioo cha pembeni cha gari, kikang'oka, akabaki nacho mkononi.

"Umecheka," Spika akasema.

"Nimekucheka wewe, sikucheka tangazo."

Kabla Spika hajajibu, kelele zikatoka ndani. Watu walikuwa wamefungua kabati zote na hawakuona maiti. "Tumeletewa msiba hewa!" muuza nyanya anapiga kelele. "Kuni zangu!" Wakaja nyuma ya jengo kwa hasira, wengine wameshika mawe, na afisa utalii anakimbia mbele yao.

"Mzee, ongea nao! Waambie hakuna aliyekufa, waambie ngoma inaanza!"

Spika akashika maiki. "Wananchi wote..."

Waliokuwa na mawe wakayaangusha, wakaanza kulia upya.

Fundi akampokonya maiki. "Nyie! Hakuna maiti hapa! Kuna redio mbovu na kitanda, mmeshavilia, inatosha! Maharage yameiva, ngoma iko uwanjani, mlima uko palepale kwa anayetaka kukimbia. Na aliyechanika suruali kwa kuinamainama, Jumatatu aje kwangu!"

Ilikuwa mara ya kwanza vile vipaza sauti kutoa maneno na watu wakayasikiliza. Kinyozi akaanza kucheka, kisha muuza nyanya, kisha hata yule bibi wa redio. Wakala chakula cha msiba, wakacheza ngoma na nguo za msiba. Watalii walibebeshwa kuni, wakazibeba kwa adabu mpaka juu ya mlima.

Jioni afisa alimwomba fundi awe anatangaza makumbusho kila mwezi. Fundi akasema sawa, ila misiba aachiwe Spika mwenyewe, maana hapo hana mpinzani. Kisha akaenda kwenye pikapu, Spika bado kaganda kwenye usukani.

"Mimi nitakaa hapa mbele, nitasema. Wewe utaendesha."

"Na yale yetu mengine?"

Fundi akafikiri, kile kioo kikiwa kwapani.

"Dereva nitaolewa naye," akasema. "Mtangazaji abaki nje ya mlango."

Spika akafungua mdomo. Fundi akainua kidole. Spika akaufunga, akajinyoosha upande wa pili, akamfungulia mlango.