Bakuli Lililong'aa

Esnah alikuwa fundi wa kusugua bidhaa za mawe kule Tabaka, na huruma ya watu ilimkera. Ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulimshika ubavuni; malengelenge yalitoka, yakakauka, na ngozi ikarudi laini. Maumivu ndiyo yaliyokataa kuondoka. Nguo ikimgusa tu, ubavu unawaka kama umepakwa pilipili, basi akawa mtu wa dera pana.

Daktari alimweleza kwamba virusi vya tetekuwanga ya utotoni viliamka vikaumiza neva. Dawa aliyompa ilikuwa ikisaidia polepole. Aliyebaki kumsumbua ni Damaris, dada ya mumewe.

"Hata alama sioni," Damaris alisema mbele ya wasuguaji wenzake Esnah. "Na kanisani hutaki tukukumbatie. Unaringa tu."

Esnah alisuuza mabakuli mawili ya mawe kwenye beseni, akayaweka chini. Yote yalimetameta.

"Wifi, chagua lako."

Damaris akachagua. Esnah akaligonga kwa mpini wa kisu, likatoa sauti butu. Akaligonga la pili, likalia kama kengele.

"Hilo lako lina ufa ndani. Huuoni kwa sababu nimelisugua mimi, na mimi sisugui ovyo. Basi hata ngozi yangu imesuguliwa vizuri."

Wanawake wakaangua kicheko. Damaris hakucheka.

Sabato iliyofuata, mlangoni mwa kanisa, Damaris alimjia mikono wazi kama kawaida yake. Akasita. Akaishusha mikono, akamshika vidole tu.

"Ni upande upi?" aliuliza.